Dereva na Kibao Hawasalimiani

Jamani, hivi vibao vya barabarani vilichorwa kwa ajili ya nani? Dereva anavipita kama mtu anavyopita kalenda ya mwaka juzi ukutani. Na wala si mambo ya kuumiza kichwa! Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la buluu linaamuru. Mstatili unatoa habari. Mtu aliyekariri matokeo ya ligi nzima anashindwa na maumbo ya chekechea.

Chukua kile cha SIMAMA. Kimepewa pembe nane makusudi, ili hata kikipakwa tope, hata ukikiona kwa mgongo, ukijue. Kusimama maana yake magurudumu yaache kuzunguka, pale kwenye mstari, hata njia ikiwa nyeupe. Bwana mkubwa anapunguza mwendo, anachungulia kama mwizi wa kuku, gia ya pili, huyoo! Ndugu yangu, hiyo ni kazi ya pembetatu iliyosimama kichwa chini: toa njia, ukisimama ni kwa sababu yupo wa kumpisha. Akifika kwenye hiyo sasa, anapiga honi ili apishwe yeye.

Kupaki ndiyo kabisa. Duara la buluu, ukingo mwekundu, mstari mmoja wa mshazari: usiegeshe, ila shusha abiria uondoke. Mistari ikiwa miwili, imepishana kama X, hata kumshusha mama mkwe hairuhusiwi. Dereva wetu akiiona X anawasha zile taa nne za hatari, anafunga mlango, anaingia dukani. Nani alimwambia taa zikiwaka X inafutika?

Kwenye daraja jembamba kuna mishale miwili. Ndani ya duara, mshale mwekundu ukielekea unakokwenda, wewe ndiye wa kusubiri. Kwenye mraba wa buluu, mshale wako ni mweupe: pita, mwenzako angoje. Rangi tu! Lakini wanakutana katikati, pua kwa pua, injini zinanguruma, kila mmoja anasubiri mwenzake arudi nyuma.

Halafu mteremko wa asilimia 10. Wapo wanaodhani ni punguzo la bei. Ni kwamba kila mita 100 mbele, barabara inashuka mita 10; kwa hiyo ingia gia ndogo kabla hujaanza kushuka, ile ambayo ungepandia mlima huohuo, injini ilishike gari. Yeye anatia nyutro "kuokoa mafuta". Mafuta gani? Injini nyingi za siku hizi, ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, zinakata mafuta zenyewe. Kwenye nyutro zinaendelea kunywa ili zisizimike. Mzigo wote unabaki kwa breki. Zinapata moto, zinanuka, zinaacha kushika. Maji ya breki yakichemka, pedali inazama mpaka sakafuni, na hapo ndipo anapokumbuka dini yake.

Eti hawajui kusoma vibao? Thubutu! Kile cha duara jeupe lenye michirizi myeusi ya mshazari, yaani kikomo cha mwendo kimeisha, wanakijua wote. Kinaanza kazi pale kiliposimikwa, lakini wao wanakitii mita 200 kabla.