Ukipotea Mlimani Kigoma, Usifuate Mto

Ushauri huu kila mtu ameusikia: ukipotea porini tafuta mto, ufuate unakoteremkia, utafika kwa watu. Kwenye tambarare za Tabora sina ugomvi nao sana, ingawa hata huko mto wa mwezi wa nane mara nyingi ni mchanga mtupu. Lakini kwenye milima iliyosimama juu ya Ziwa Tanganyika, kuanzia mpakani na Burundi kuteremka hadi Mahale, ushauri huo ni wa hatari, na nashangaa bado tunapeana.

Tatizo ni ardhi yenyewe. Tunaishi ukingoni mwa Bonde la Ufa. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya fukwe za hifadhi ya Gombe milima inapanda hadi kuvuka mita 1,500, yote hayo ndani ya kilomita chache. Maji yanayoanzia kule juu hayapati nafasi ya kujipinda taratibu kama mito ya bondeni. Yanachimba makorongo na kudondoka, ndiyo maana Gombe ina maporomoko kama yale ya Kakombe. Ukiwa juu kijito kinakuvutia: kuna kivuli, kuna maji, na miguu inateremka yenyewe. Baada ya muda kingo zimekuzidi kimo kulia na kushoto, mawe yanateleza, simu haishiki mtandao, na mbele yako maji yanapotelea kwenye ukingo wa genge. Kushuka huwezi. Kurudi ulikotoka sasa ni kazi ya mikono na magoti, na jua halikusubiri.

Shika mgongo wa mlima. Ukiwa mgongoni unaliona ziwa, na ziwa kwetu liko magharibi siku zote. Sauti inafika mbali, simu ina nafasi ya kushika mtandao, na njia za kale za watu wa vijijini kwa kiasi kikubwa zinapita hukohuko. Waliozikanyaga walikuwa na mizigo kichwani, hawakuwa na muda wa kuchezea makorongo.

Nasema njia za watu, lakini si kila kinachofanana na njia ni njia. Hapa ndipo vikundi vyetu vya matembezi vinapokwama, maana siku hizi kupanda mlima Jumamosi imekuwa fasheni (na mimi nimo, sijitoi). Mlima wa Kigoma umejaa vijia visivyofika popote: cha kwenda kwenye tanuri la mkaa, cha mizinga ya nyuki, cha kuni, cha shamba la muhogo lililoachwa. Vinaanza vipana na safi kabisa, pengine kuliko njia yenyewe. Inama uangalie chini. Njia inayounganisha vijiji ina alama za nyayo za kwenda na kurudi, ina kinyesi cha mbuzi cha siku tofauti, na mahali pa tambarare utakuta mchirizi wa tairi la baiskeli. Mawe yake ya kupandia yamesuguliwa yakang'aa katikati. Kijia cha mkaa kina vumbi jeusi na magome, na ukishalipita tanuri kinakufa papo hapo, unabaki unapasua nyasi. Ukiona unatumia mikono kufungua njia, umeshaiacha. Rudi hadi mahali ulipokuwa na uhakika napo, hata kama ni mwendo wa nusu saa kupanda. Najua inauma. Watu wengi hupotea kwa sababu ya kuionea huruma ile nusu saa.

Na kuuliza nako kuna namna yake. Ukimkuta mzee shambani ukamwambia, "Shikamoo mzee, njia hii inafika Mtanga?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, inafika." Hajakudanganya. Kila njia inafika Mtanga ukiwa na siku nzima, na kumkatalia mgeni si ustaarabu. Muulize hivi: "Mzee, wewe ukitaka kwenda Mtanga unapita wapi?" Hapo ataweka jembe chini, atanyoosha mkono na kukutajia mti, jiwe, na mahali pa kuchepuka. Ukimuuliza ni mbali kiasi gani atasema "hapo tu". Hilo jibu lisikilize kwa heshima, halafu upige hesabu zako.

Hesabu yenyewe ipo na si ngumu. Mskoti William Naismith aliiweka mwaka 1892, na wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita nane yenye mpando wa mita 700 inakaribia saa tatu, kwa mtu mkakamavu asiyepumzika. Kikundi cha watu ishirini wanaopiga picha kila kilima? Zidisha mara mbili, usibishane.

Jua la Kigoma nalo linawachanganya wageni. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya 45 mashariki, na sisi tuko karibu na 30. Kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takribani saa nzima: katikati ya mchana kwetu ni saa saba, si saa sita, na jua linazama karibu saa moja jioni. Mtu wa Dar anafurahi kwamba mchana umerefuka. Haujarefuka, umesogea tu, maana asubuhi nako kunachelewa kukucha. Anayetumia jua la saa sita kutafuta kaskazini ajue bado limeegemea mashariki. Tena kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita kusini mwetu, miezi mingine linapita kaskazini, kwa hiyo kivuli kilichokuongoza Julai kitakupoteza Desemba. Dira ndogo haina mambo hayo. Na magharibi ikifika, giza la huku haliji kwa hatua. Dakika ishirini na ushee, basi.

Simu pia ina kituko chake, hasa upande wa Manyovu na kwenye vilele vinavyotazama Burundi na Kongo. Simu ikinasa mnara wa jirani inaweza kujirekebisha saa yenyewe, na Burundi na Kongo ya mashariki wako saa moja nyuma yetu. Mmekubaliana na mwenye mtumbwi saa kumi, wewe unatazama kioo kinasema saa tisa, unakaa chini kula ndizi. Zima kabisa ule mpangilio wa saa kujibadilisha kabla ya kupanda, au vaa saa ya mkononi. Ramani ya simu ipakue ukiwa bado mjini, ila usiiamini kupita macho yako: mstari uliochorwa humo huenda ni wa mtu aliyepita kiangazi, na wewe unapita mwezi wa nne nyasi zikiwa zimekupita kichwa.

Msimu ndio unaobadilisha mlima wote. Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili, na radi za ukanda huu wa maziwa si za mchezo. Mawingu yakianza kujijenga, hakuna sababu ya kuwepo kileleni, wala chini ya mti ulio peke yake. Teremka mgongoni kidogo, tawanyikeni, ngojeni. Kiangazi kina adha nyingine. Moto wa nyika unapita, moshi unatanda, na ile milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa uliyoizoea kama alama inafutika kabisa. Wakati mwingine hata ziwa lenyewe huligundui hadi ukaribie. Vijito vya juu vimekauka, kwa hiyo maji unapanda nayo.

Sasa nije kwa jambo linaloniudhi. Vikundi vingi vinachangisha fedha za fulana, za mpiga picha, za mbuzi wa kuchoma, halafu likitajwa suala la kumlipa mwenyeji wa kijijini atuongoze, watu wanaanza kukohoa. "Tuna ramani." Misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi pwani ilikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, akitupa tawi kwenye njia isiyofuatwa ili wa nyuma wasipotee, na hiyo ilikuwa barabara kuu ya zama zile. Marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwezi Julai 1960, wakubwa wa wakati huo hawakumruhusu akae peke yake, na milimani alipita na wenyeji kama Rashidi Kikwale. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini mtafiti kijana aliyekuwa akifuata sokwe peke yake alianguka gengeni akafa, ikachukua siku kadhaa kumpata. Baada ya hapo ikawa utaratibu watafiti wageni waandamane na wasaidizi Watanzania. Leo Gombe huingii msituni bila mwongozaji, na Mahale, hifadhi ya kilomita za mraba 1,613 inayotembelewa kwa miguu, hupandi kilele cha Nkungwe chenye mita 2,462 bila askari wa hifadhi. Wenzetu wana redio na mafunzo, bado wanaongozana. Sisi wenye fulana mpya tunajiona nani?

Nje ya hifadhi hakuna wa kukulazimisha, na ndiko tunakotembea zaidi: Bubango, Chankele, vijiji vya nyuma ya Mwandiga, vilima vya Buhigwe. Kwa hiyo jilazimisheni. Pitieni kwa mwenyekiti wa kitongoji asubuhi, mwacheni na idadi yenu, njia mnayopita, na saa ambayo msipoonekana aanze kuuliza. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji muwe nayo, lakini atakayefika kwanza ni kijana wa kijijini mwenye tochi. Pangeni saa ya kugeuza mkiwa bado chini, akili zikiwa baridi, na apewe mtu mmoja mamlaka ya kuitangaza hata kama kilele kinaonekana. Mwongozaji msimpe maneno ya "tutaonana tukirudi". Mlipeni kiasi mlichokubaliana, mbele ya mwenyekiti, mumbebee maji na chakula kama mwenzenu, na akisema leo njia ya juu haipitiki, hilo liwe limekwisha. Fulana zitavaliwa hata bondeni.