VLOOKUP imenichosha

Jamani, ukiingiza safu wima mpya kwenye faili la Excel la wenzako, sema! Jana hapa Dodoma naandaa malipo ya wakulima wa zabibu, kumbe mwenzangu kachomeka namba za simu katikati ya jedwali. VLOOKUP, fomula ya kutafuta jina kwenye jedwali na kuleta kilicho kwenye mstari wake, niliiambia ilete safu ya 4, zilipokuwa kilo, nayo ikaleta ya 4, ambayo sasa ni simu. Mkulima wa Hombolo akasomeka ameleta kilo milioni mia saba na hamsini na kitu. Kumbe ni namba yake ya simu, sifuri ya mwanzo imedondoka.

Hilo angalau linaonekana. Ukisahau kuandika FALSE mwishoni mwa fomula, yaani kuidai ilete kinacholingana kabisa, inaweza kukuletea kilo za jirani kimyakimya, na hela ya mtu ndiyo inapotea hivyo.

Vijana wananiambia nitumie XLOOKUP, fomula mpya ya kazi hiyo hiyo. Naijua, ni nzuri, inaleta hata kilicho safu za kushoto. Lakini kompyuta ya mhasibu wetu ina Excel ya 2016, na humo haimo. Akihariri fomula anaambulia kosa la #NAME?, yaani Excel yake haiitambui. Basi narudi kwa INDEX na MATCH, fomula mbili za zamani zinazounganishwa kufanya kazi hiyo, na mabano yake, mstari kwa mstari, hadi saa mbili usiku.

Namba za simu wekeni safu ya mwisho, tafadhali.