Kompyuta ilisema ndege inapanda

Anayeamini kwamba vita vya leo ni vya droni na kompyuta, na akili ya binadamu imebakiwa na kazi ya kubonyeza vitufe tu, aitazame Julai 3, 1988 katika Ghuba ya Uajemi. Manowari ya Marekani, USS Vincennes, yenye Aegis, mtambo wa kisasa wa rada na kompyuta, iliiangusha ndege ya abiria ya Iran Air 655 iliyokuwa ikielekea Dubai. Watu 290 walikufa.

Kumbukumbu za mtambo zilionyesha ndege ikipanda. Mabaharia waliripoti inashuka kuwajia. Skrini kubwa hazikuonyesha kama kimo kinaongezeka au kinapungua. Ilibidi mtu asome tarakimu kwenye kioo kidogo na kuzilinganisha kichwani na za awali, huku meli ikirushiana risasi na boti za Iran. Aliyekuwa akisoma ishara za utambulisho naye alikiacha kipimo chake kimeelekea uwanja wa ndege wa Bandar Abbas, Iran, ilikotoka ndege hiyo, badala ya kuifuata, akanasa msimbo wa kijeshi ambao yamkini ulitoka kwa ndege nyingine. Likishatamkwa jina la ndege ya kivita, "F-14", nani tena ataona Airbus ya abiria? Isitoshe, mwaka uliotangulia USS Stark ilipigwa makombora ya Iraq, wakafa mabaharia 37. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kuusadiki mtambo mno. Machi 2003 Patriot, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora na ndege, iliidhania ndege ya kivita ya Uingereza, Tornado, kuwa kombora. Wahudumu wakafyatua, wawili waliokuwamo wakafa. Stanislav Petrov, afisa wa jeshi la Kisovieti, aliliepuka kosa hilo. Septemba 1983 setilaiti za Kisovieti zilimwambia makombora matano yanakuja kutoka Marekani. Alijua mtambo ni mchanga, rada za ardhini hazijaona kitu, na hakuna anayeanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano. Akaripoti hitilafu. Kumbe ni mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu.

Kwa hiyo msomaji wa rada afunzwe kutaja tarakimu tupu, "elfu saba, elfu tisa, elfu kumi na mbili", bila kuipa ndege jina. Pembeni awepo mwenye zamu ya kupinga, na asiadhibiwe kwa kupinga. Na mazoezi yawe na ndege za abiria nyingi kuliko za adui, kwa sababu askari aliyezoezwa kwamba kila nukta ni shabaha ataiona shabaha hata isipokuwepo.