Monowi: mkazi mmoja, sensa ikaandika wawili

Monowi ni kijiji cha nyika ya majani huko Nebraska, Marekani. Miaka ya 1930 kilikuwa na watu wapatao 150, na garimoshi lilikuwa likisimama hapo. Baadaye mashamba yakameza mashamba, mashine zikachukua kazi za mikono, na vijana wakahama. Posta ikafungwa, na shule nayo ikafuata mwaka 1974. Sensa ya 2010 ilimkuta mtu mmoja tu: bibi mjane ambaye ndiye meya, karani, mweka hazina na mwenye baa. Kodi ya kijiji anajitoza mwenyewe, na leseni ya pombe anajiidhinishia.

Matokeo ya sensa ya 2020 yalipotoka, Monowi ilionyeshwa kuwa na watu wawili. Hakuna aliyehamia. Bibi mwenyewe alishangaa kusikia ana jirani. Wawili ndiyo idadi ya mwaka 2000, kabla hajafiwa na mumewe.

Hakuna karani aliyekosea kuhesabu. Sheria inaikataza Ofisi ya Sensa kutoa taarifa zinazomfichua mtu, kwa hiyo safari hii jumla ya kila jimbo iliachwa kama ilivyohesabiwa, lakini tarakimu za kaunti, miji na vijiji ziliongezwa au kupunguzwa kidogo kwa kubahatisha, makusudi.

Wanaoutetea utaratibu huo wana hoja nzito. Ofisi ilijaribu kuoanisha majedwali yake ya 2010 na data zinazouzwa na makampuni, ikasema iliweza kuwatambua watu milioni 52 hivi, yaani 17% ya Wamarekani. Tena ipo kumbukumbu ya 1942, pale takwimu za mitaa midogo zilipotumika kujua walikokaa Wamarekani wenye asili ya Japani, ambao waliishia kambini. Mimi hoja hii ya pili ndiyo inayonigusa zaidi.

Wapinzani, wakiwamo watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wanajibu kwamba sehemu kubwa ya huko "kutambua" ni kubahatisha tu: kisia umri na jinsia kwenye mtaa wenye watu wengi, mara nyingi utapatia. Jimbo la Alabama lilikwenda mahakamani mwaka 2021 kuuzuia utaratibu huo, ombi lake likakataliwa.

Naona faragha inastahili kulindwa, lakini gharama yake haikugawanywa sawa. Mtu mmoja wa ziada Chicago hamsumbui yeyote. Monowi, huyo mmoja ni nyongeza ya 100%, na siri inayofichwa mwenyewe alishawasimulia waandishi wa habari kutoka kila pembe. Hata hivyo, ukiiachia Monowi tarakimu yake halisi, kijiji kingine chenye watu tisa utakinyima kwa sababu gani?

Ofisi inashauri maeneo madogo yajumlishwe ndipo takwimu zitumike. Sawa, ijumlishe Monowi na kaunti nzima ya Boyd. Tarakimu itatulia, ila Monowi hutaiona tena.