Digrii ya uuguzi: deni linaanza leo, mshahara unakuja lini?

Barua ya udahili aliyoletewa binti wa dada yangu hapa Busia, Uganda, ina kurasa tatu. Ya kwanza ni pongezi. Zilizobaki ni pesa: ada ya muhula, maktaba, maabara, kitambulisho, chama cha wanafunzi, sare mbili za wodi, viatu vyeupe visivyo na kisigino. Tulijumlisha nyuma ya daftari la dagaa la mama yake, chini ya majina ya watu anaowadai sokoni. Ada shilingi za Uganda milioni 2.1 kwa muhula, mihula minane. Michango 300,000. Hosteli 600,000, chakula na nauli 600,000 nyingine kwa kubana sana. Yote hayo mara mihula minane, jumla ikaja milioni 28.8.

"Mjomba," akaniuliza, "nikianza kulipa nitamaliza nikiwa na miaka mingapi?"

Watu wengi, ukiwauliza hivyo, wanakimbilia mshahara wa serikali. Wana sababu. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia watu wa sayansi: daktari wa kawaida akafikishwa milioni 5 kwa mwezi, mwalimu wa sayansi mwenye digrii milioni 4, na wauguzi nao wakaongezewa kwa ngazi zao. Tangu hapo wazazi wengi wameacha kumuuliza mtoto anapenda nini.

Tuseme basi binti yetu ameajiriwa serikalini kwa milioni 3, namba ya kuhesabia tu. Kodi ya mshahara inakata 802,000, anabaki na 2,198,000. Akitenga 600,000 kila mwezi, zile milioni 28.8 zinakwisha kwa miezi 48, yaani miaka minne, ileile aliyokaa darasani. Kwa hesabu hiyo hata mimi ningeuza baiskeli yangu ili asome.

Sasa mtoe serikalini, mpeleke kliniki ya mtu binafsi inayomlipa 800,000. Kodi 142,000. NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, 40,000. Mkononi anapokea 618,000. Chumba 200,000, chakula 200,000, boda 80,000 kwa kuwa zamu ya usiku hairudiki kwa miguu. Kinabaki 138,000. Deni lilelile sasa linahitaji miezi 209, zaidi ya miaka 17, na hapo hajaugua, hajanunua kitenge, wala mdogo wake hajampigia simu ya ada.

Kwa hiyo kubishana kama digrii ya uuguzi inalipa au hailipi, bila kusema utaingilia mlango upi, ni kupoteza chai. Na mlango wenyewe hauchagui wewe. Hospitali kubwa za serikali zinaajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Afya, wilaya zina tume zao, na nafasi hutangazwa pale bajeti ya mishahara inaporuhusu. Vyuo havisubiri bajeti hiyo. Kila mwaka vinatoa wahitimu. Kabla ya kufika huko kuna mwaka mzima wa mazoezi hospitalini, nao una foleni yake na posho isiyotabirika. Mwaka 2023 madaktari wa mazoezi waliona posho yao ikishushwa kutoka milioni 2.5 hadi milioni 1. Ukipanga kulipa deni kwa posho ya namna hiyo, umepanga kwa chaki kwenye mvua.

Kuna na jambo ambalo wauguzi wenye digrii wamelilalamikia miaka mingi: nafasi za ngazi yao ni chache, hivyo wengine hushika nafasi ya diploma na kulipwa kama wa diploma, deni likiwa la digrii. Mgonjwa kijijini hajali. Kwake kila mwenye sare ni musawo, yaani daktari. Karatasi ya mshahara ndiyo inayojali.

Upande wa pili pia una uzito, na nisingependa kuupitia juu juu. Mwenye digrii anaweza kufundisha shule ya wauguzi, anaweza kuongoza idara, anaweza kuomba kazi nje. Hilo la nje ndilo linalowapa wengi moyo wa kukopa. Lakini Uingereza imeiweka Uganda kwenye orodha ya nchi ambazo waajiri wake hawaruhusiwi kwenda kuwinda wahudumu wa afya, ingawa mtu akiomba mwenyewe hazuiwi. Na wanaokumbuka sakata la wahudumu 263 waliotaka kupelekwa Trinidad na Tobago, lililoishia mahakamani, wanajua safari inaweza kukwama hata serikali ikiwa ndiyo iliyoipanga.

Halafu deni lenyewe ni la aina gani? Mkopo wa bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, unalipa ada na michango ya chuo, na marejesho yanasubiri mwaka mmoja baada ya kumaliza. Huo ningeuchukua bila kusitasita. Ila haulipi chumba wala ugali, kwa hiyo hata akiupata kwa hesabu yetu bado zinatafutwa milioni 9.6. Ndipo linapokuja deni ambalo watu hawaliiti deni: kibanja, yaani kile kipande cha shamba la familia. Kikiuzwa hakuna anayekuja kudai riba, lakini kila msimu ile mihogo na mahindi yanayokosekana jikoni ndiyo riba yenyewe, na haina mwezi wa mwisho.

Mimi nilimshauri apande ngazi. Aanze na diploma, miaka mitatu, asajiliwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga, apate kazi hata ya hospitali ya misheni, kisha aifuate digrii akiwa na mshahara. Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Kampala kimefundisha wauguzi wengi kwa mtindo huo, wakiendelea na zamu zao. Deni linakuwa dogo, na linamkuta mtu mwenye kipato.

Dada yangu hakubali. "Kaka, mtoto akishaonja mshahara harudi darasani," alisema. "Ataolewa, atazaa, na wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuniambia amechoka." Amewaona wangapi sokoni waliosema watarudi shule? Mimi mwenyewe nawajua wawili. Hoja yake ni nzito kuliko hesabu zangu zote za kodi, maana mimi nilihesabu shilingi na yeye alihesabu miaka ya mwanamke.

Tulipofika tumekubaliana hivi: fomu ya mkopo wa bodi ijazwe, ya diploma nayo ijazwe, na kibanja kisiguswe mpaka majibu ya bodi yatoke.