Soksi za Linda

Juzi tulikusanyika kutazama Death of a Salesman, tamthilia ya Arthur Miller ya mwaka 1949 kuhusu Willy, muuzaji bidhaa wa kusafirisafiri anayemsaliti mkewe Linda. Ilipoisha, mzee mmoja akasema, "Mkewe hakujua, kwa hiyo hakuumia." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Usiku ule sikulala vizuri.

Hakuumia vipi, mzee wangu? Linda amekaa jikoni kwake Brooklyn anashona soksi zake za hariri zilizotoboka. Willy akimwona tu anawaka, anamwambia azitupe. Mama wa watu hajui kwamba soksi mpya zinaishia Boston, mji anakosafiri Willy kikazi, kwa mchepuko wake.

Anayejua ni Biff, mtoto wao. Kijana wa sekondari, kafeli hesabu, kaenda mpaka Boston kumwomba baba yake aongee na mwalimu. Mwanamke anatoka bafuni na shimizi nyeusi, na kabla hajaondoka anadai maboksi yake mawili ya soksi alizoahidiwa. Soksi za mama! Hapo ndipo mtoto anapolia. Akirudi nyumbani anachoma moto raba alizoziandika University of Virginia, chuo alichokuwa akikiota. Darasa la kurudia hesabu hakwenda.

Biff ana miaka 34 sasa na bado hajamwambia mama yake. Linda anamwona mtoto asiye na adabu kwa baba yake, anamgombeza, mpaka usiku mmoja anamfukuza nyumbani. Neno moja tu lingemwokoa Biff. Analimeza ili mama asivunjike, na mama huyo huyo ndiye anayemwonyesha mlango.

Nilisoma na msichana aliyekuwa akitumwa na baba yake kupeleka hela ya matumizi nyumba ndogo. Mama akimuuliza, "Umechelewa wapi, mwanangu?" anajibu foleni ya maji. Kwao aliitwa muongo. Sisi wenzake pia tulimwita hivyo, na hadi leo inaniuma.

Haya, Willy alikuwa mpweke safarini, na kazi ilimkausha. Nakubali. Lakini upweke wake haukuwa wa mwanafunzi kuubeba.

Willy anajiua. Makaburini Linda anamweleza marehemu kwamba leo amelipa deni la mwisho la nyumba, na haelewi kwa nini amefanya vile. Biff amesimama palepale. Anamwinua mama yake, anamkumbatia, wanaondoka. Hasemi kitu.