Kasri nimeliona, sasa nionyesheni mfereji

Kila rafiki yangu anayepita Granada, kusini mwa Hispania, hunitumia picha ileile: Ua wa Simba ndani ya Alhambra, kasri la masultani wa zamani, wale simba 12 wa marumaru wakitema maji. Sina ugomvi na picha hiyo, hata mimi ninayo. Lakini nimewauliza watatu kati yao maji yale yanatoka wapi, na hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Yanatoka mtoni. Mto wenyewe, Darro, uko bondeni na kasri liko kilimani, na maji hayapandi mlima kwa kubembelezwa. Wajenzi wakaufuata mto kuelekea juu kilomita kama 6, wakayachepusha maji huko, kisha wakayatembeza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana hadi yakatokea juu ya bustani za sultani. Mfereji huo unaitwa Acequia Real. Usingekuwepo, pale juu pangekuwa na ngome kavu na punda wengi wa kubeba viriba.

Labda naona hivi kwa sababu ya nilikotoka. Nimekulia Kibosho, Kilimanjaro, na kihamba chetu, shamba la nyumbani, kilinyweshwa kwa mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga. Babu alijua zamu ya kila mtu, na asiyetokea siku ya kuzibua alitozwa mbege. Kwa hiyo niliposikia kwamba watu wa Andalusia, jimbo ulimo mji wa Granada, wana neno acequia, kutoka Kiarabu as-saqiya, na kwamba mifereji hiyo bado inazibuliwa kwa majembe, niliacha foleni za mjini nikapanda basi kwenda Alpujarra.

Alpujarra ni miteremko ya kusini ya milima ya Sierra Nevada. Juu yake kuna kilele cha Mulhacén, meta 3,479, chenye jina la Muley Hacén, baba wa sultani wa mwisho wa Granada. Vijiji vya Pampaneira, Bubión na Capileira vimening'inia kwenye bonde moja, kimoja juu ya kingine, nyumba nyeupe za chokaa, mapaa bapa. Paa linabebwa na boriti za miti ya huko, juu yake mawe membamba, na juu kabisa udongo wa kijivu uitwao launa, ambao ukilowa unajifunga na kuzuia maji. Aliyewahi kulala kwenye nyumba ya zamani ya Lamu atajihisi mwenyeji, ila ajiandae kwa baridi.

Waliochimba mifereji na kukata matuta kule, Waislamu, waliondolewa kwa nguvu. Granada, dola yao ya mwisho Hispania, ilisalimu amri kwa wafalme Wakristo tarehe 2 Januari 1492, kwa mapatano kwamba Waislamu wataachiwa dini na desturi zao. Haikuchukua muda mapatano yakavunjwa. Mwaka 1567 ikatoka amri ya kupiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi yao na mabafu yao. Krismasi ya 1568 Alpujarra ikaasi, na uasi ulipozimwa mwaka 1571 wakazi walikuwa tayari wanatawanywa Kastilia. Kati ya 1609 na 1614 jamaa zao wote, watu wapatao laki tatu, wakafukuzwa Hispania. Mashambani wakaletwa walowezi kutoka kaskazini, watu wasiojua kumwagilia mlima. Wenyeji husimulia kwamba kila kijiji kiliruhusiwa kubakiza familia mbili za Wamorisko, yaani hao Waislamu waliolazimishwa kubatizwa, ili ziwafundishe wageni kazi ya maji. Nazifikiria familia hizo mara nyingi kuliko ninavyomfikiria sultani.

Kazi yenyewe si ya kujifunza kwa siku moja. Theluji inapoyeyuka majira ya kuchipua, maji hushuka kwa fujo wakati hayahitajiki na kuishia baharini. Wakulima huyachepusha juu kabisa, mengine zaidi ya meta 2,000, wakayapeleka kwenye sehemu za mlima walizochagua mababu, penye mwamba uliopasuka, wakayaacha yazame. Mifereji hii huitwa acequias de careo. Mlima unayanywa, unayashusha polepole ndani kwa ndani, na baada ya wiki au miezi yanatoka kwenye chemchemi za chini, wakati ambapo theluji imekwisha na mahindi yana kiu. Bwawa lao ni mlima wenyewe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wataalamu wa mabomba. Kwa miaka mingi hoja imekuwa kwamba mfereji wa udongo unavuja, basi usakafiwe kwa saruji au ubadilishwe kuwa bomba. Ni kweli unavuja, na kule mlimani huko kuvuja ndiko kunakotakiwa. Maji yanayopotea njiani ndiyo yanayolisha miti mikubwa iliyopanga mstari kando ya mfereji, malisho, na kisima cha kijiji cha chini. Ukisakafia, shamba moja linapata maji mengi na chemchemi tatu zinakauka. Chuo Kikuu cha Granada kimelielewa hilo. Tangu 2014, walipofufua mfereji wa Barjas katika kijiji cha Cáñar, wamekuwa wakiwakusanya wanafunzi na watu wa kujitolea kuzibua mifereji iliyotelekezwa. Majembe tu. Ningependa wenzetu wa miradi ya umwagiliaji Kilimanjaro wangepelekwa huko badala ya kupelekwa kwenye kumbi za hoteli.

Na chakula? Mimi Mchagga, kitimoto hainishtui, kwa hiyo paja la nguruwe la Trevélez, kijiji kilicho zaidi ya meta 1,400 juu ya bahari ambako nyama hukaushwa kwa chumvi na upepo wa baridi, nililila kwa raha zangu. Ila uchungu wake umo. Zamani hizo, anayekwepa nguruwe alishukiwa na Mahakama ya Kidini, na sufuria ilikuwa ushahidi. Nilipenda zaidi migas, makombo ya mkate yaliyokaangwa kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, chakula cha siku ya mvua. Nilipenda pia biringanya za kukaanga zilizomwagiwa asali ya miwa. Jina lake, berenjena, ni ndugu wa biringanya yetu. Miwa nayo ililimwa kwenye pwani ya Granada kwa karne nyingi, mpaka kiwanda cha mwisho cha sukari, Salobreña, kilipofungwa mwaka 2006.

Lugha yao imejaa vikorombwezo hivi. Sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán. Meya ni alcalde, yaani kadhi. Na hasta yao, ya kusema “mpaka”, ndiyo hata yetu, zote mbili ni hatta ya Kiarabu. Nilicheka peke yangu kwenye basi.

Siku ya mwisho, mwezi Mei, mzee mmoja aliniruhusu nimfuate kando ya mfereji kuelekea juu. Mahali fulani akasimama, akatoa mawe mawili, akaziba upande wa pili kwa bonge la majani na udongo, akalikanyaga kwa kisigino. Maji yakageuka, yakamwagika kwenye mteremko wa nyasi, na baada ya hatua kama ishirini hayakuonekana tena. Kwa Kihispania changu cha kuungaunga nikamuuliza yatatokea lini.

“Agosto,” akasema, akaanza kushuka.